Siku Tisini, na Mzabibu

Baba alimpokea Zurabu kwa mbukwa,
akamkalisha kwenye kigoda, akamlisha mlenda,
siku ya pili akamlisha tena.
Siku ya tatu akamtolea mkasi wa kupogolea,
maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
na hapa Mpunguzi jembe letu lina makali mawili.

Niliuwahi mkono wake.
"Baba, viza yake ni ya matembezi."
"Basi atembee nao," akasema. "Mistari ni kumi na minane."

Sikucheka. Nilishausoma ule muhuri wa uwanja wa ndege
mpaka nikaukariri: siku tisini, kazi hairuhusiwi,
yenye malipo au isiyo na malipo.
Nani aliwaambia wenye muhuri
kwamba ukweni ndiko iliko ile isiyo na malipo?

Mjini, dirisha namba tatu,
afisa ana kalamu mbili na kikohozi cha vumbi la Oktoba.
"Jojia. Ile ya Marekani?"
"Hapana, afande. Ile ya milima."
Akakifungua cheti chetu cha ndoa, akakigeuza juu chini:
herufi za kwao zimejikunja kama vikono vya mzabibu,
huoni pa kuanzia kusoma.
"Kikatafsiriwe."

Hakuwa mkali. Alinieleza polepole,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya Hombolo:
anaweza kutoka, akavuka mpaka, akarudi na viza mpya,
ila akirudi mara ya tatu wataanza kumuuliza anatembelea nini;
anaweza kuwa mwekezaji, kama ana fedha za kuitwa hivyo;
au wewe, mama, umwombee hati ya mtegemezi.

Mtegemezi.
Nililitafsiri neno hilo nje, kwenye banda la fotokopi,
kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.
Mume wangu, mwenye mabega ya kubeba pipa,
alinyamaza, kisha akauliza: nakutegemea wewe?
Mimi. Mwalimu wa hesabu
ambaye mshahara wake haujawahi kuiona tarehe ishirini.
Alicheka mpaka mwenye fotokopi akaharibu karatasi.
"Hilo," akasema, "mbona halihitaji muhuri?"

Hesabu sasa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.
Mzabibu ukipogolewa leo, zabibu ni siku mia moja na ishirini.
Viza ni tisini. Arobaini na saba zimeshaliwa.
Hati inaweza kutoka kwa wiki sita, inaweza kuzidi;
inategemea, alisema afisa,
hata hati nayo inategemea.
Nimetoa, nimejumlisha, nimefuta.
Jibu linakataa kuwa namba nzima.

Jioni Zurabu husimama kati ya mistari,
mikono nyuma, kama aliyefungwa pingu za heshima.
Mkasi ninao mimi.
Nilizaliwa humu shambani, nikakimbilia chaki
ili nisiushike tena, na sasa malengelenge
yamerudi palepale, chini ya kidole cha pete.
Yeye anaonyesha: hapa. Si hapo.
Acha macho mawili, mawili tu.
Nakata.
Baba, kwenye kigoda chake, anauliza kwa sauti
kama kidole nacho kinakatiwa kibali.

Tumefika mstari wa kumi na moja.
Kila nilipokata, mti unatoa maji, tone, kisha tone,
vumbi linayanywa kabla hayajatulia.
Mama anasema unalia.
Zurabu anachuchumaa, anaugusa mkato kwa ncha ya ulimi,
(hiyo ni kazi, afande?)
anasema mizizi iko macho.

Simu inatetema mfukoni mwangu:
ombi lako limepokelewa.
Limepokelewa, basi. Hakuna zaidi ya hapo.
Nausoma mara mbili, namtafsiria neno moja,
naufungua mkasi.
Ananyoosha kidole.